Keki ya kupinda inateleza, inazama, inachanika: tafuta tatizo lako hapa

Mimi naoka hapa Gungu, Kigoma, nyumbani tu, na keki ninazoulizwa kuliko zote ni hizi za kupinda, zile za ghorofa mbili tatu ambazo kila ghorofa imelalia upande wake utadhani inataka kudondoka ila haidondoki. Watu wanazitaka kwenye bethdei, kwenye kipaimara, siku hizi mpaka sendofu. Na wanaonipigia wanalia na vitu vilevile, dada ya juu inateleza, dada imezama, dada fondanti (lile ganda la sukari la kukandwa linalofunika keki) imechanika na shughuli ni saa kumi jioni nifanyeje. Nimeona niandike tatizo moja moja na chanzo chake, wewe shuka mpaka ukute la kwako.

Ila kabla hujashuka shika hili kwanza maana mengi yanatokea hapa. Keki ya kupinda haijapinda. Kinachopinda ni kile macho yanachoona, yaani mgongo wa juu umekatwa mteremko na mbavu zimechongwa nyembamba chini pana juu, lakini pale kila ghorofa inapokalia pako sawasawa kama meza. Ukielewa hapo umeelewa keki nzima.

Ghorofa ya juu inateleza taratibu

Hili ndo lililonifundisha. Nilikuwa natengeneza keki ya kipaimara ya mtoto wa dada, ghorofa mbili, nikakata mgongo wa ya chini mteremko mzuri kabisa, nikapaka krimu, nikaweka ya juu juu ya ule mteremko, nikachoma vijiti viwili vya mishikaki nikaenda kulala nimeridhika. Alfajiri nikakuta ya juu imesogea kama vidole vitatu, fondanti ya upande wa chini imejikunja kama soksi, vile vijiti vimelala navyo vimechana keki kwa ndani. Shemeji yangu ni fundi ujenzi, alikuwa amepita asubuhi kuchukua toroli lake, akaiangalia akaniambia, "Shemeji, hapa umejenga kwenye mteremko bila kukata kiwanja."

Na kweli, angalia mji wetu ulivyo, ukitoka stesheni kupanda Mwanga ni kilima, nyumba ziko milimani lakini hakuna nyumba iliyoegemea, kwa sababu fundi anachimba kwanza kwenye kilima anapata sehemu iliyolala sawa, ndo anaanza msingi. Keki ni hivyohivyo. Krimu ni kilainishi, ukiweka kitu kizito juu ya mteremko uliopakwa mafuta kitashuka tu, sio leo ni usiku, na joto la ziwani likiilainisha krimu kinashuka haraka zaidi. Kijiti hakizuii kuteleza kama keki inamsukuma kutoka ubavuni masaa nane, atainama au atachana.

Dawa yake ni shimo. Nakupa vipimo vyangu ili usibahatishe. Ghorofa ya chini naoka inchi 10, nikipanga matabaka na krimu inafika kimo cha inchi 5. Naichonga mbavu mpaka chini ibaki inchi 8. Kwa mgongo nakata kisu cha meno kikianzia ukingoni kabisa upande mmoja, kikitokea upande wa pili kimeshuka inchi 1, nalitoa lile pande kama kabari, naligeuza nusu mzunguko nalirudisha juu na krimu kidogo katikati. Sasa upande mmoja una inchi 6 na wa pili una inchi 4, mteremko umeongezeka mara mbili na hujatupa hata kipande, usipoteze ile kabari jamani watu wengi wanaila.

Halafu ghorofa ya juu yake imeokwa inchi 8 ikachongwa chini ikabaki inchi 6, na inakaa kwenye bodi yake ya inchi 6, lile bamba la kukalishia keki. Chukua bodi tupu ya inchi 6, iweke katikati ya ule mgongo, izungushie ncha ya kisu ukiacha nafasi ya kama unene wa penseli kuzunguka. Sasa chimba mpaka sakafu ya shimo iwe kimo cha inchi 4 kutoka chini ya keki, pande zote. Utaona upande mfupi shimo lina kama sentimita 1 tu na upande mrefu linafika sentimita 4, usiogope, ndivyo linavyotakiwa liwe. Ghorofa ya juu ikikaa mle imeshikwa na kuta, haiwezi kwenda popote, na kwa nje mtu anaona imezama kwenye mteremko anashangaa inakaaje.

Shimo nimechimba lakini bado inaegemea

Hapo sakafu ya shimo haijalala sawa. Jicho linadanganya sana kwenye keki hizi kwa sababu kila mstari unaouona umepinda, huna cha kulinganisha nacho, kwa iyo usitumie jicho. Tumia pima maji. Shemeji alinipa kapimamaji kadogo ka mafundi, nimekavisha nailoni safi, ndo kanakaa kwenye droo ya nozeli zangu mpaka leo. Kama huna, simu nyingi zina programu ya pima maji, au chukua chupa ndogo ya maji iliyobakiza kinafasi cha hewa uilaze juu ya bodi ndani ya shimo, tazama kipovu kinakimbilia wapi. Pima kaskazini kusini halafu mashariki magharibi, mara moja haitoshi.

Na pima meza kwanza! Nishatumia saa nzima kurekebisha keki ambayo haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la sakafu ya jikoni.

Kitu kingine hapa ni vijiti vya kubeba, vile vinavyochomwa wima kwenye sakafu ya shimo ili bodi ya ghorofa ya juu ivikalie. Vijiti vyote vya shimo moja vikatwe urefu mmoja. Watu wanachoma kijiti, wanakikata pale kilipotokeza, wanachoma kingine wanakikata pale kilipotokeza, matokeo yake kila kijiti kinafuata mabonde ya shimo na bodi inakaa kama stuli ya mguu mfupi. Wewe choma kimoja, weka alama, toa, kata vyote sawa na hicho. Vikilingana, hata sakafu ya shimo ikiwa na kibonde bodi italala sawa, unajazia krimu panapobaki.

Ghorofa ya juu inazama, ya chini imepiga nyufa

Hii sio kuteleza, hii inashuka wima. Maana yake uzito unabebwa na keki na sio na vijiti. Ama vijiti ni vichache, ama ni vyembamba, ama umesahau bodi chini ya ghorofa ya juu, na hilo la bodi ndo linatokea sana, vijiti bila bodi ni kama nguzo bila slabu, vinatoboa keki ya juu na vinaingia ndani yake.

Mishikaki ni myembamba kwa ghorofa ya chini. Mimi natumia miti ya duara ya unene wa kidole kidogo, nachongewa na seremala, mbao isiyopakwa dawa wala vanishi, naosha naanika nazungushia nailoni ya chakula. Kama unapata ile mirija minene migumu ya plastiki ni mizuri zaidi na inakatika kwa mkasi. Kwa ghorofa tatu naweka 6 kwenye ya chini maana inabeba mbili, na 4 kwenye ya kati. Panga kwa duara ndani kidogo ya ukingo wa bodi, usivirundike katikati.

Halafu kuna mmoja mrefu wa katikati, unachongwa ncha kama penseli, unapigwa kwa nyundo ndogo kutoka juu kabisa unapita ghorofa zote mpaka unauma bodi ya chini. Huyu habebi, huyu anazuia kuyumba. Kwa hiyo bodi za kati zitoboe tundu kabla hujaziweka, na ya chini iwe plaiwudi ya milimita 12 iliyofunikwa foili, sio boksi, boksi litapinda ukilinyanyua na likipinda fondanti yote inaenda nalo.

Inabomoka ukichonga

Ni keki laini mno au ni ya moto mno. Ile sponji ya kuyeyuka mdomoni ni tamu kwelikweli lakini haichongeki, ukiichonga kiuno chembamba inakatika. Oka keki ya mizani, yaani unga, sukari, siagi na mayai uzito sawa, gramu 500 kila kimoja, na vijiko viwili vya chai vya baking powder. Mayai yapime kwa mizani bila maganda, usihesabu, maana ya kienyeji ni madogo na kumi ya kienyeji hayafiki gramu 500 ukidhani yamefika. Moto uwe wa wastani, kama nyuzi 160 kwa wenye oveni, na kwa wenye mkaa weka mkaa mwingi juu ya mfuniko na mchache chini, ukibadilisha keki inavimba katikati kama kichuguu na chini inaungua.

Oka leo, funga nailoni ikipoa, chonga kesho. Kabla ya kuchonga iweke friza kama dakika 45 igande kidogo nje, chonga vipande vidogo vidogo kama unamenya embe, ukikata pande kubwa kwa mara moja huwezi kulirudisha. Mchongo wa mbavu anza kwa kuigeuza keki kichwa chini, ile bodi ndogo ikiwa juu, kisu kinatoka ukingo wa bodi kinashuka kwenda ukingo mpana. Ni rahisi mno hivyo kuliko kuchonga ikiwa imesimama.

Umeme ukikatika katikati usiendelee kuchonga keki iliyolegea kwa sababu tu una haraka, ifunge isubiri.

Imetoa tumbo katikati

Keki ya kawaida ikitoa tumbo unaifinyanga. Hii ya kupinda ikitoa tumbo umbo lote limepotea, maana uzuri wake ni kile kiuno, na ndiyo inayotoa tumbo kirahisi kwa sababu juu pana pamekalia chini pembamba. Chanzo ni kujaza laini, jemu, krimu ya kupiga, matunda yenye maji. Ndani weka krimu ya siagi ngumu au ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa na krimu), tabaka jembamba la milimita 5 hivi, na kama mteja lazima apate jemu basi zungushia ukuta wa krimu ngumu ukingoni kwanza, jemu ikae katikati.

Chanzo cha pili ni haraka. Keki ikishapangwa matabaka lazima itue. Ifunge, weka kigae cha sakafu kilichofungwa nailoni juu yake, iache usiku kucha, hewa yote itoke. Usipomlazimisha atue usiku huo atatua kesho ndani ya fondanti.

Kwa joto la hapa siagi peke yake inalegea, nachanganya nusu siagi nusu mafuta magumu meupe ya kupikia, sukari ya unga mara mbili ya uzito wa mafuta yote. Na mawese yetu hapana, kuna dada aliniuliza kabisa kwa sababu mawese hapa tunayo ya kumwaga, lakini mekundu yana rangi na harufu yake na hayashiki umbo. Ganashi ndo bora kuliko zote kwa keki hizi maana ikishika inakuwa kama gamba, chokoleti nyeusi gramu 600 kwa krimu gramu 300, na wiki ya joto kali nashusha krimu mpaka 200.

Fondanti inachanika juu na inajikunja chini

Vyote viwili ni kosa la umbo, usijilaumu sana. Juu kuna ukingo mkali upande ule mrefu, fondanti inaning'inia pale kwa uzito wake inachanika. Chini ni kwembamba, kitambaa ni kipana, lazima kipate pa kwenda, kinajikunja marinda.

Ukingo uzungushe kwa kidole wakati ganashi bado laini, usiuache kama wembe. Fondanti isiwe chini ya milimita 4, na kama imekauka ikande na mafuta magumu kidogo mikononi. Watu wanakimbilia kuongeza CMC, ule unga wa kukazia fondanti, wakidhani itaongeza nguvu, inaongeza lakini pia inakausha haraka, wakati bado unavuta kumbe imeshaganda. CMC waachie maua na sanamu.

Kwa marinda, acha kufunika kwa kitambaa kimoja. Funika kwa vipande viwili. Kata duara la mgongo ulibandike, kisha pima mzunguko wa ubavu, kata mkanda, uzungushe, ziada ya chini kata kwa kisu. Mkanda wake hauwi mnyoofu, unakuwa umejikunja kama ndizi kwa sababu juu pana chini pembamba, kwa iyo kwanza zungushia karatasi, kata karatasi ikae vizuri, ndo uitumie kama patani ya fundi cherehani. Kiungo cha nyuma utakificha na maua na kiungo cha juu na kamba ya fondanti. Tangu nianze hivi sijawahi kurudia.

Mpasuko ambao umeshatokea ujaze na fondanti iliyolainishwa na matone ya maji mpaka iwe kama dawa ya meno, futa, subiri ikauke, weka ua juu. Mgeni hajui ua lilipangwa au la.

Inatoa jasho inang'aa

Kuanzia Novemba mpaka Aprili hili ni letu wote. Keki imetoka kwenye friji ina ubaridi, hewa ya huku ina unyevu, unyevu unageuka matone ya maji juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi. Usiifute! Ukifuta unaacha alama na rangi nyeusi na nyekundu zinachuruzika. Iache karibu na feni, itakauka yenyewe.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Ikishavaa fondanti isirudi friji, na ndo sababu nyingine ya kujaza ganashi badala ya krimu ya kupiga, inavumilia kukaa nje usiku mmoja. Kama ilibidi ikae friji, iweke ndani ya boksi la karatasi lililofungwa, ukitoa utoe na boksi lake usifungue mpaka ipoteze ubaridi, jasho linatoka juu ya boksi badala ya juu ya keki.

Inanuka samaki

Friji moja na migebuka na dagaa. Siagi inavuta harufu ya kila kitu. Nailoni mara mbili kisha boksi, na bora zaidi omba friji ya jirani asiyehifadhi samaki, kama yupo.

Inaonekana imekosewa, haionekani imepinda

Mteremko mdogo mno, au ghorofa zote zimelalia upande mmoja. Mteremko wa sentimita 1 mtu anaona fundi hajui kusawazisha. Uwe wa inchi 2, ukiuona uone ulikusudiwa. Ya chini ikilala kushoto, ya kati ilale kulia, ya juu irudi kushoto, hapo macho yanatulia kwa sababu uzito unarudi katikati, na ni kweli unarudi, keki inayolala upande mmoja ghorofa zote inakuwa nzito upande huo hata kama mashimo yako sawa. Mistari na mraba mraba kwenye pambo inaonyesha mpindo vizuri, madoadoa yanauficha.

Imefika ukumbini imevunjika

Usiisafirishe imesimama ghorofa tatu. Kutoka hapa mpaka Ujiji sio mbali lakini matuta na mashimo yapo, na keki hii ukiibeba nzima unabeba mnara. Kila ghorofa kwenye boksi lake, vijiti vishachomwa, mashimo yamechimbwa, unapanga palepale ukumbini, unapiga ule mrefu wa katikati, unafunika tundu na pambo la juu. Nenda saa moja kabla ya watu, beba krimu, kisu, pima maji na maua ya ziada.

Boksi likae sakafuni mwa gari, sio kwenye siti, siti imelala kwa nyuma hata kama huoni. Chini ya boksi weka taulo lenye unyevu lisiteleze. Bajaji inawezekana kwa ghorofa moja moja ukiwa umekaa nayo, mwambie dereva mapema kabla hamjaondoka, "Kaka naomba twende taratibu, nimebeba keki," ukimwambia mbele ya tuta umechelewa.

Ukikuta meza ya ukumbi imeegemea, na mara nyingi imeegemea, kunja karatasi weka chini ya mguu kabla hujaanza kupanga, maana ukishapanga hunyanyui tena.

Kwenye kukata

Hapa keki haina tatizo ila watu wanaweza kupata tatizo. Mwambie MC na mama mwenye shughuli kwamba wakate ghorofa ya chini kwa mbele tu kwa ajili ya picha na kulishana, vipande vya wageni mtoe wenyewe pembeni. Anza kwa kuvuta ule mrefu wa katikati, nyanyua ya juu na bodi yake, halafu ya kati. Vijiti vyote vitoke kabla kisu hakijaingia, hasa kama kuna watoto. Mimi naandika idadi kwenye karatasi naibandika chini ya bodi: 6 vya chini, 4 vya kati, 1 mrefu. Kumi na moja viliingia, kumi na moja viwe mezani ndo tuanze kugawa.